Sauti ya Shemeji Ndani ya Helmeti

Wiki hii nimetukanwa. Msomaji mmoja amesema mwandishi anayemwacha mjane katikati ya mteremko bila breki, na mitungi ya gesi mgongoni, halafu akaenda zake kunywa chai, hana mama. Ninaye, mzima wa afya, na ndiye aliyenitukana kuliko nyote.

Haya, tushuke mlima.

Kwa aliyechelewa kupanda: Sindano ni mjane anayeendesha pikipiki aliyoachiwa na mumewe. Wanamwita Sindano kwa sababu anapenya pale ambapo wanaume husimama na kupiga honi. Pikipiki hiyo ndiyo inayolisha watoto wake, na ndiyo hiyo hiyo anayoitaka shemeji yake, ndugu wa marehemu, ambaye pia ni mwenyekiti wa kituo chao cha pikipiki. Anasema ni mali ya ukoo. Ukoo wenyewe haujawahi kuiwekea hata tone la mafuta.

Tulimwacha juu ya mteremko. Kebo ya breki ya mbele imekatika. Amekanyaga ya nyuma, pedali imezama mpaka mwisho kama mguu ndani ya tope, na pikipiki haijapunguza mwendo hata kidogo. Ndipo ndani ya helmeti, sikioni kabisa, akaisikia sauti ya shemeji yake ikisema kwa utulivu:

"Nati ya breki ya nyuma nimeilegeza mwenyewe asubuhi. Wewe tulia. Ataanguka kidogo tu, apate akili."

Hapo ndipo tulipoishia. Msinipigie kelele, naendelea.

Sindano alibonyeza kitufe cha redio kwa kidole gumba.

"Sina breki. Katibu, nipishe njia. Sina breki!"

Hakujibiwa, kwa sababu hakuna aliyemsikia.

Hapa lazima nieleze jambo, tena upesi, maana mwenzenu bado anateremka. Wenye fedha zao huvaa helmeti zilizotoka kiwandani na mitambo yake ndani, wakaongea barabarani kama wako sebuleni. Kwa bei ya helmeti moja ya aina hiyo unanunua ng'ombe na ndama wake. Watu wa kituo hiki walianza na honi na ishara za miguu. Baadaye wakahamia kwenye simu: wote wanaingia kwenye simu moja ya kundi, waya wa sikioni unapita chini ya helmeti. Ilikuwa nafuu, lakini mtandao ukifika bondeni unakata roho, na betri haifiki jioni.

Sindano ndiye aliyewaletea redio ndogo za mkono, zile za walinzi wa maghala. Redio inakaa kwenye mfuko juu ya tangi. Waya unapanda mpaka kwenye helmeti, spika na kipaza sauti vimeshonewa ndani ya kitambaa. Kitufe cha kuongelea kinafungwa kwenye usukani. Hazili vocha wala hazijui mtandao. Shemeji alizicheka siku ya kwanza, akasema mwanamke hatosheki na maneno ya nyumbani mpaka ayabebe barabarani. Kampuni ya gesi ilipowapa kazi kwa sababu wanatembea msafara huku wakiambizana mashimo na magari, alinyamaza, akagombea uenyekiti.

Ila redio hizi zina tabia ya mlango mwembamba. Anayebonyeza kitufe anaongea, wengine wanasikia. Wakati anabonyeza yeye, mwingine haongei, na yeye mwenyewe hasikii mtu. Mmoja akikikalia kitufe, wote mmefungwa midomo.

Na shemeji alikuwa amekikalia.

"Shika vizuri," sauti yake iliendelea sikioni mwa Sindano. "Hapa pana kona."

Kwa hiyo amebeba mtu. Sindano hakuhitaji kuuliza ni nani. Kila asubuhi kituo hiki kina desturi ya kuitana redioni kabla ya kutoka: kila mmoja anataja hali ya pikipiki yake na safari yake. Asubuhi hiyo shemeji alisema anampeleka mama yake hospitali. Na Sindano, kwa ukweli wake, alisema kebo yangu ya mbele imechakaa, nikirudi safari ya kwanza naibadilisha. Wote walimsikia. Shemeji alimsikia vizuri zaidi, akaona breki iliyobaki ni ya nyuma.

Mama mkwe, basi. Mama mkwe ambaye tangu matanga hajamwita kwa jina. Sindano aliuma meno, hasira ikamshika kabla hofu haijafika.

Alishusha gia. Akashusha tena. Injini ililia, mitungi ikagongana nyuma yake, mwendo ukapungua, kisha mteremko ukaurudisha wote. Mbele yake katikati ya barabara alikuwa katibu wa kituo, mtu mnene mwenye pikipiki nyembamba, naye amebeba mitungi, anakwenda pole pole kama bwana harusi.

Kitufe hakina kazi. Sindano akarudi kwenye lugha ya zamani. Akaibana honi bila kuiachia, akatoa mguu wa kushoto nje na kuutikisa. Kila mwendesha pikipiki mzee anaijua ishara hiyo: siwezi kusimama, ondoka.

Katibu alitupa jicho kwenye kioo. Mwili wake wote uliruka pembeni, na pikipiki ikamfuata.

Sindano alimpita kwa upana wa kiganja. Chini, mbele ya nyumba inayojengwa, palikuwa na lundo la mchanga. Aliilenga pikipiki pale, akafumba macho, akaingia.

Mitungi ilikatika kamba. Mmoja ulibiringika mpaka ukutani ukagonga, mlio wake ukasikika mtaa mzima. Haukulipuka. Najua mlitaka ulipuke, lakini mwandishi ni mimi.

Katibu alifika akihema.

"Dada, uko mzima?"

"Mzima." Alikuwa ametema mchanga, goti linavuja damu. "Kwa nini hamkunijibu?"

"Tukujibu nini? Wewe ndiye ulikuwa kimya. Kwa nini hukusema redioni?"

"Mko chaneli gani?"

"Tano. Mwenyekiti alipita kwa mmoja mmoja wakati wewe unapakia mitungi. Alisema tumehama wote, na wewe umeshaambiwa."

Sindano akaitazama redio yake. Ilisoma mbili.

"Na yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Alikuwa tano na sisi. Alitupigia hotuba ya nidhamu kuanzia ghala la gesi, upande wa pili wa mlima, mpaka juu, unajua anavyopenda kusikika. Halafu akakatika ghafla, hata kwaheri hakuna."

Mwenyekiti huyu, niwaambie, hotuba zake ni ndefu na kidole chake ni kivivu. Akitaka kuongea sana hukizungushia kitufe kipande cha mpira wa tyubu, kikabaki kimebonyea chenyewe, akahubiri mikono yote iko kwenye usukani. Wote kituoni wana mchezo huo. Wote pia wamewahi kusahau kuufungua mpira, kituo kizima kikamsikia mtu akiimba au akigombana na mkewe. Siku hiyo yeye alimaliza hotuba, akazungusha redio kutoka tano kwenda mbili, ili amsikilize shemeji yake akilia peke yake mlimani. Mpira akausahau. Akadhani anasikiliza, kumbe anasikilizwa. Mchimba shimo huingia mwenyewe, ila huyu alichelewa kidogo kuingia.

"Kagua breki ya nyuma," Sindano alisema.

Katibu alichuchumaa. Nati ya breki ilikuwa imeshikilia uzi wa mwisho, inacheza kama jino la mtoto. Aliikaza kwa vidole, akainuka, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hii haikulegea barabarani."

"Najua. Nimemsikia aliyeilegeza akijisifu."

Kituo kiko chini ya mlima huo huo, ng'ambo ya njia panda: banda la mabati, benchi, matairi makuukuu yaliyopakwa rangi. Walipofika wanaisukuma pikipiki, waendeshaji wenzao walikuwa wameshakusanyika. Habari ya mtu kuanguka huwa haingoji mtandao.

Na kwenye benchi, mkoba mapajani, alikuwa ameketi mama mkwe.

Sindano alisimama. "Umeshafika, mama? Umeshuka salama?"

"Nimeshuka wapi?"

"Kwenye pikipiki ya mwanao."

Mama mkwe alimtazama kuanzia helmeti mpaka goti. "Mimi niko hapa tangu asubuhi nikimsubiri huyo mwanangu anipeleke hospitali. Hajatokea. Mgongo unaniuma, njaa inaniuma, na sasa nakuona wewe. Siku yangu imekamilika."

Sindano alivua helmeti, akaitundika kwenye usukani, akakaa chini kwenye tairi. Kama si mama mkwe, amebeba nani?

Kabla hajapata jibu, pikipiki ya shemeji iliingia kutoka mlimani. Haikuja mpaka kituoni. Ilisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha kibanda cha fundi pancha. Abiria wake alishuka akabaki nyuma ya kibanda, mwanamke, helmeti bado kichwani. Shemeji alivua ya kwake, akaitundika kwenye kioo cha pembeni, akavuka barabara akipangusa mikono.

"Shemeji, pole. Nimesikia umeanguka."

"Umesikia kwa nani?"

"Mtaa mzima unasema. Nilikuonya. Mlima na mwanamke haviendani." Akawageukia wengine. "Jamani, mitungi ya kampuni imetupwa barabarani. Kesho wakitunyima kazi tutakula nini? Utatulisha wewe, shemeji? Lete funguo. Pikipiki irudi nyumbani kwa wenyewe, yaishe."

Wawili watatu walitikisa vichwa kumkubalia. Njaa haina urafiki.

"Umeilegeza nati yangu," Sindano alisema.

"Nani?"

"Wewe."

"Umeniona?"

"Nimekusikia. Ukisema kwa mdomo wako kwamba umeilegeza mwenyewe."

"Umenisikia wapi?"

"Ndani ya helmeti yangu."

Shemeji alicheka, na kicheko chake kikapata wafuasi. "Amegonga kichwa, maskini. Mimi nilikuwa chaneli tano na wenzangu. Au kuna mwingine aliyenisikia? Katibu, umenisikia?"

Katibu alitazama chini. "Sikusikia. Lakini nati nimeiona kwa macho yangu, mwenyekiti. Na dada hakuambiwa kuhusu chaneli."

"Nilimwambia. Haniheshimu, hanisikilizi." Akaacha kucheka. "Wasomee sheria ya kituo."

Katibu aliisoma bila kuinua macho. "Anayegusa breki ya mwenzake, yeye na aliyemtuma wanapelekwa polisi siku hiyo hiyo. Na anayemshitaki mwenzake bila shahidi, anatoka yeye kituoni."

"Bila shahidi anatoka yeye," shemeji alirudia. "Na nje ya kituo hakuna gesi, hakuna abiria, hakuna kitu. Shahidi wako nani, shemeji?"

"Yule uliyembeba."

Macho ya shemeji yalikwenda ng'ambo ya barabara na kurudi. Ni hapo tu, kwa mara ya kwanza, sura yake ilipoyumba.

Mama mkwe aliinuka kutoka kwenye benchi. Aliinuka kwa shida, na kila kiungo kikamwongezea hasira.

"Nami nataka kujua. Umeniacha mimi mama yako nioze kwenye benchi, umembeba nani?"

"Mama, kaa. Haya si mambo yako."

"Usiniambie nikae. Nimekaa tangu asubuhi."

Wakati wanabishana, Sindano aliona kitu. Kwenye mfuko wa tangi lake, taa ndogo ya redio ilikuwa inawaka kijani. Taa hiyo huwaka mtu anapoongea. Chaneli mbili, ambako hakuna mtu isipokuwa yeye, mtu bado alikuwa amebonyeza.

Aliitoa redio mfukoni, akaushika waya wa helmeti, akauchomoa. Ukichomoa waya, redio huongea kwa sauti yake yote.

Kelele za barabara zikatoka. Halafu mlio wa nyundo.

Ng'ambo ya barabara fundi pancha alikuwa anagonga rimu. Nyundo yake ilipanda, ikashuka, na redio mkononi mwa Sindano ikasema ko. Ikapanda tena, ikashuka, redio ikasema ko. Kituo kizima kiligeuza shingo: fundi, redio, fundi, redio. Kicheko kilikufa.

"Mwenyekiti," katibu alisema taratibu, "kitufe chako kimefungwa. Na uko chaneli mbili."

Shemeji aliigeukia helmeti yake pale ng'ambo. Mtu wa hotuba, kaponzwa na mpira wa hotuba.

Basi Sindano ameshinda, mtasema. Mjane amepona, pikipiki amebaki nayo, tufunge gazeti tukafungie maandazi. Ngojeni.

Redioni nyundo ilinyamaza. Karibu na ile helmeti iliyotundikwa, mtu alikuwa analia. Mwanamke, kilio cha mtu anayejizuia.

"Pokea," sauti ilisema redioni. "Pokea, mwanangu. Pokea simu."

Na ndani ya koti la Sindano, simu ikaita.

Hakuitoa. Hakuwa na haja ya kusoma jina. Sauti ile ilimwimbia tangu akiwa mgongoni, na ndiyo inayobaki na watoto wake kila siku anapokwenda kazini. Ni mama yake. Mama yake mzazi, aliyemzaa, ndiye aliyepanda nyuma ya shemeji na kuambiwa tulia, ataanguka kidogo tu, na akatulia.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema kwamba kuna siku kitakuwa nguo yenyewe.

"Ni nani huyo?" mmoja aliuliza. Wengine walikuwa wanautazama mfuko wa koti lake, unaoita bila kuchoka.

Shemeji alikuwa amepata nguvu tena. Alimsogelea, akaongea kwa chini, mdomo karibu na sikio, kama alivyokuwa mlimani.

"Sheria inasema aliyegusa na aliyemtuma. Aliyenituma ni yeye. Aliniomba kwa machozi. Sema umesikia vibaya, nipe funguo, mama yako alale kwake leo. Ukisema kweli, mimi na yeye tunalala polisi. Chagua, shemeji. Mimi nimeshazoea kulala popote."

Simu ilikata. Ikaanza upya.

"Dada," katibu alisema, "nakuuliza mbele ya wote, nijibu kwa moyo safi. Ulimsikia mwenyekiti akisema amelegeza nati, au hukumsikia?"

Sindano aliitazama pikipiki. Mchanga ulikuwa bado unadondoka kutoka kwenye kiti. Aliijua kila sauti yake, kila mkwaruzo, na alijua sufuria ngapi imechemsha nyumbani. Bila hiyo atarudi kufua nguo za watu na kuomba chumvi kwa jirani.

"Sikusikia kitu," alisema.

Kituo kikaguna. Shemeji akanyoosha mkono, kiganja juu. Sindano alichomoa funguo.

Mkono uliozidaka haukuwa wa shemeji. Ulikuwa wa mama mkwe.

"Mimi nimesikia," mama mkwe alisema. "Nimesikia nyundo, nimesikia kilio, na sasa hivi nimemsikia huyu mwanangu akinong'ona. Anadhani mgongo ukiuma na masikio yanaziba. Amesema ametumwa kulegeza breki."

"Mama, unajua unachofanya?"

"Nyamaza. Nilizaa wavulana wawili. Mmoja barabara imenichukulia. Wewe wa pili ulitaka kuniachia wajukuu wasio na baba wala mama, kwa ajili ya chuma hiki." Akamgeukia Sindano, bila huruma hata kidogo. "Na wewe sikupendi, usinichekee. Tangu ulipoingia nyumbani kwangu sikukupenda. Lakini mimi sina mama pale ng'ambo wa kumficha. Katibu, waite askari."

Askari wa barabarani huwa hawakosi pale njia panda. Mmoja wa waendeshaji alishakwenda kuwaita kabla mama mkwe hajamaliza sentensi, maana watu hawa wakipenda kitu hawahitaji redio.

Wakati huo huo mwanamke wa ng'ambo alitoka nyuma ya kibanda. Alivua helmeti, akaikumbatia kifuani. Aliwaona watu, akaona mchanga, akaona damu ya goti, na katikati ya hayo yote akamwona mwanawe amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Alivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto. Gari lilipiga honi, hakugeuka.

Alifika mbele ya Sindano. Akamzaba kofi.

"Nimepiga simu mpaka kidole kimekufa ganzi. Kwa nini hupokei?"

Sindano alishika shavu. "Mama, umejua breki imelegezwa na ukakaa nyuma yake?"

"Nimejua."

"Ningekufa."

"Aliniambia mguu. Aliniambia utavunjika mguu." Sauti ilimtetemeka, si kwa aibu, kwa hasira. "Mguu ningekuuguza. Ningekulisha kwa kijiko kama zamani. Mumeo tulimzika vipande, mimi ndiye niliyemwosha uso kwa sababu wewe hukuweza. Nimekuomba uache, umekataa. Nimekulilia, umevaa helmeti ili usinisikie."

"Breki ya mbele ilikuwa imekatika. Alijua. Haikuwa mguu, mama, ilikuwa shingo."

Mama aligeuka kumtazama shemeji. Shemeji alijikuta anarudi nyuma hatua, akakanyaga tairi, akakaa bila kupenda. Hivi ndivyo mtu anavyotazamwa na mama aliyedanganywa, na Mungu atuepushe.

Gari la polisi lilipofika, shemeji alianza kueleza. Aliieleza sheria, akaieleza familia, akaeleza kwamba redio za bei rahisi haziaminiki. Alikuwa bado anaeleza walipompandisha.

Mama wa Sindano hakueleza kitu wala hakuvutwa. Alipanda mwenyewe, akakaa, akaiweka ile helmeti mapajani.

"Afande, huyu mwacheni," Sindano alisema. "Mimi ndiye mwenye pikipiki. Simshitaki."

"Usinitetee," mama alisema kutoka ndani ya gari. "Nilimtuma, na nikitoka huko nitatuma mwingine. Nitatuma mpaka ushuke kwenye hilo lipikipiki. Sizai tena, wewe ndiye niliyenaye."

Sindano alimgeukia mama mkwe, akapokea funguo zake, akazifumbata. Zilikuwa zake sasa, mbele ya mashahidi, hakuna ukoo utakaozidai tena. Watu walianza kumpigia makofi.

"Nakuja kituo cha polisi nyuma yenu," alimwambia mama yake. "Naanza kwa kuwachukua watoto nyumbani kwako, halafu nakuja."

Mama aliinua macho taratibu.

"Watoto hawapo nyumbani kwangu."

Makofi yaliisha.

"Wako wapi?"

"Walipo wanakula na wanalala, na hakuna pikipiki inayopita. Niliwaondoa alfajiri, kabla hujaanza kuitana na wenzako. Hapo ulipo una helmeti na redio na kundi zima la watu. Waulize wote. Hakuna anayejua isipokuwa mimi."

Askari alishika mlango ili aufunge. Mama aliuzuia kwa kiwiko, akautoa mkono nje, kiganja kimefunguka, kikavu, kinasubiri.

"Nipe funguo," alisema, "nikwambie walipo."